Moto wa Aliyepotea

Machi 9, 1942

Sukari imekwisha dukani, lori la mjini Fashir halijafika, na leo sina hata mteja wa kugombana naye. Nimechukua karatasi za kufungia sukari nikazishona kwa uzi wa viatu, na humu ndimo nitakamoandika mpaka mvua zianze. Sababu ni ndege. Nimekaa Umm Sidra miaka kumi na tisa nikiuza chai, chumvi na shanga, wala sikuwahi kuona jambo la kupotezea wino. Sasa naona mambo ambayo nisipoyaandika nitakuja kuambiwa niliyaota, na wa kwanza kuniambia hivyo atakuwa mke wangu.

Leo zimepita sita. Kubwa moja mbele, yenye injini mbili, na ndogo tano nyuma yake kama vifaranga na mama yao. Wasemavyo, meli huzileta pwani ya magharibi zikiwa vipande ndani ya makasha, zikaunganishwa huko, kisha marubani huzipeleka Misri vitani, nchi juu ya nchi, na kurudi kuchukua nyingine. Mahujaji wa Kano hupita hapa dukani kwangu kwa miguu. Wengine safari huwachukua miaka, wakaoa na kuzaa njiani. Hawa wa ndege wanaondoka Kano asubuhi na jioni wako Khartoum. Nilisimama nje nimekodoa macho hadi shingo ikauma. Subhanallah, sina neno jingine.

Machi 10

Lori limefika. Nimegombana na watu wanne. Alhamdulillahi.

Machi 17

Mister Pettifer amekuja kutoka ofisi ya wilaya, kajaa vumbi mpaka kwenye kope. Ule uwanja ambao watu walifyeka mwezi wa Januari ni wa ndege zitakazopata shida kabla ya kufika Fashir, na unataka mlinzi. Amenichagua mimi kwa kuwa najua kusoma. Kazi yenyewe: kufukuza mbuzi, kutandika kitambaa cheupe pale pa kushukia, na siku ya vumbi, nikisikia ngurumo, niwashe shimo lenye oili chakavu na nyasi mbichi ili moshi mweusi upande. Rubani akiuona moshi anajua uwanja uko hapo hapo.

Nilipomweleza Kaltuma alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani serikali imekuajiri uwashe moto? Wewe Jallabi? Mtu ambaye hata chai huipulizia mpaka mashavu yanataka kupasuka, na makaa yanazima?"

Jallabi ndilo jina lao kwa sisi wafanyabiashara tuliotoka mtoni Nile. Mke wangu ananiita hivyo tangu siku ya ndoa, mbele ya watu na nyuma yao.

Nami niseme kidogo kuhusu yeye, maana anayemjua Kaltuma atanihurumia. Ni hakkama wa nchi hii, yaani mwanamke wa kughani. Akimsifu mtu, mtu huyo anaoa anakotaka. Akimbeza, basi ahame. Nduguye, Arbab, ndiye omda anayetawala vijiji vyote vya hapa mpaka mlima wa Jebel Surra, lakini nimeona kwa macho yangu Omda akitoa amri na watu wakimtazama dada yake kwanza.

Machi 29

Zimeshuka! Zote sita, injini ya moja imechemka. Zilipogusa ardhi miguu yangu yote miwili ilisahau kazi yake. Mbuzi walikimbia, punda walikata kamba, na Omda Arbab, aliyepigana vitani dhidi ya Wafaransa akiwa kijana, alijificha nyuma ya madebe ya petroli akasema anayakagua.

Mkuu wao anaitwa Zygmunt. Ni mtu wa nchi ya Poland, ambayo imechukuliwa yote na maadui. Kiarabu chake amekiokota mitaa ya Kairo na kinanuka mitaa hiyo. Aliniambia, "Mimi nyumba hapana. Nyumba yangu hii," akaipiga kofi ndege yake kubwa ubavuni kama mtu apigavyo ngamia wake. Nikaomba kuigusa. Bati lilikuwa la moto na lilitetemeka, na chini ya kiganja changu nilisikia kitu kama mapigo. Nilikaa hapo muda mrefu. Sijali nani alicheka.

Mdogo kuliko wote ni Tadek, kijana mwenye masikio mekundu. Kaltuma aliwapikia asida, ugali wa uwele, na mchuzi wa bamia kavu. Tadek alitumbukiza vidole vyote mara moja, akaruka kwa kuungua.

"Pole pole, mwanangu, sufuria halina miguu," alisema Kaltuma. Kisha akanigeukia: "Mwambie mkubwa wao, huyu mtoto mifupa mitupu. Mama yake yuko wapi?"

Nikauliza. Zygmunt akajibu, "Hajui. Mimi pia sijui wangu."

Kaltuma alichukua kibuyu chake. Alimwongezea Tadek samli, na alipomaliza akamwongezea tena.

Zygmunt alinieleza jambo moja nililoliona la kutisha. Zile ndogo zina rubani mmoja tu. Hakuna wa kusoma ramani, na redio zao hazifiki mbali. Zinamwangalia yeye tu. "Mimi potea," alisema, "wote potea."

Aprili 3

Wameondoka jana. Watu bado wanaongea kama kwamba harusi imekwisha.

Aprili 11

Zimepita kumi na mbili. Tadek, nadhani ni yeye, alishuka chini akatikisa mabawa juu ya ua wetu. Kuku mmoja amekufa kwa mshituko. Kaltuma amesema ni sadaka.

Aprili 20

Vumbi.

Aprili 21

Vumbi. Chai ina mchanga, mkate una mchanga, na mke wangu ana maneno yenye mchanga.

Aprili 26

Leo nimegombana na Kaltuma juu ya kuni, nikajuta.

Huku wana desturi. Mtu akichelewa njiani siku ya vumbi, ukoo wake hupanda mahali pa juu, jiwe au kilima, na kuwasha moto. Wakiuona majirani nao huwasha wao, hata kama hawajui nani kapotea, ili aliyepotea popote alipo aone walau mmoja aufuate. Huuita moto wa aliyepotea. Mimi wa mtoni niliuona ni uharibifu wa kuni, na leo nikasema hivyo, kwa kuwa alikuwa akipanga mzigo mzima juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba na wala hakuna aliyepotea.

Hakufoka. Akifoka najua la kufanya. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Ndugu yetu Dahab alitoka sokoni siku ya vumbi. Sisi tulidhani kalala kwa mjomba, hatukuwasha. Alikutwa pale." Akanyoosha mkono kuelekea bonde la mihigiligi, ile miti ya miiba. Ni karibu, kutoka hapo unasikia mbwa wetu wakibweka. "Kiu ilimuua pale, Jallabi. Alikuwa akizunguka tu."

Miaka kumi na tisa ya ndoa na sikuwahi kuambiwa. Nilimsaidia kupanga kuni.

Mei 6

Zygmunt na wenzake wameshuka tena, saa moja tu, kwa chai. Tadek amejifunza kusema "Mama, nina njaa" kwa Kimasalit, lugha ya Kaltuma. Kajifunzia wapi sijui. Kaltuma amejifanya amekasirika kwa matamshi yake, kisha akaenda nyuma ya nyumba kujifuta macho.

Mei 14

Nitaanza mwanzo.

Adhuhuri vumbi liliinuka kutoka mashariki kama ukuta, jekundu chini na jeusi juu. Nilifunga duka. Kabla halijatufikia vizuri nikasikia ngurumo za ndege, juu, kisha upande wa Jebel Surra, kisha juu tena. Zilikuwa zikizunguka. Nilikimbia uwanjani nikatandika kitambaa, nikakibana kwa mawe, nikawasha shimo. Moshi ulipanda mweusi na mnene, na kwa mara ya kwanza maishani nikajisifu kwa moto.

Kaltuma naye alizisikia. Alipanda jiwe lake akawasha, akapiga ule ukelele wao mrefu ambao ukisikika kijijini husikika na kijiji cha pili. Kijiji jirani, Kunjaro, wakawasha. Abu Raml wakawasha. Halafu Jebel Surra, juu kabisa kileleni, halafu vijiji ambavyo sivijui majina, kimoja baada ya kingine, mpaka kila palipoinuka pakawa na moto na moshi, katika ule mchana uliokuwa giza. Watu ambao hawajawahi kupanda hata baiskeli walikuwa wakiwaita watu wa mbinguni waje nyumbani. Nilisimama kando ya shimo langu nikalia, na nikamshukuru Mungu kwa kuniozesha katika nchi hii. Nayaandika haya kwa sababu ndivyo nilivyohisi wakati ule.

Ndege kubwa ikatoka vumbini juu ya kichwa changu, ikashuka uwanjani, ikaruka, ikakaa. Nyuma yake moja ndogo. Zygmunt aliruka chini hata kabla panga za injini hazijasimama, akanishika kanzu kifuani.

"Moto! Moto mingi! Kwa nini moto mingi?"

"Wanawasaidia," nikamwambia. "Ni desturi. Wanawaonyesha njia."

"Mimi nasema kwa redio: fuata moshi, moshi uwanja. Moshi ipi? Ipi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Aliniachia kanzu. Tulikuwa tumesimama hivyo tuliposikia mlio upande wa Jebel Surra, mmoja mfupi, kisha hakuna.

Mei 15

Habari zimekusanyika kama ifuatavyo. Mmoja alishuka Kunjaro kwenye shamba la uwele lililosafishwa. Magurudumu yamevunjika, yeye mzima. Mmoja alishuka kwenye mchanga wa bonde kando ya moto wa Abu Raml, ndege ikapinduka. Alikuwa akining'inia kichwa chini amefungwa mikanda, na wanawake walichimba mchanga kwa mikono na vibuyu mpaka wakamtoa, wakamnywesha maziwa. Mkono umevunjika.

Mwingereza, Hollis, aliufuata moto wa Jebel Surra. Moto wa aliyepotea huwashwa juu, ili mwenye miguu auone. Mwenye mabawa, ambaye ameambiwa penye moshi ni uwanja, anautafuta uwanja chini ya moshi. Chini ya ule moshi palikuwa na mwamba. Watu wa Surra wamemwosha, wamemvika sanda nyeupe mpya, na wamemkesha kama mtoto wao.

Tadek hajulikani alipo. Mara ya mwisho alisikika akienda kusini.

Mei 16

Tumetoka wote kumtafuta. Omda Arbab alipiga ngoma kubwa ya shaba ambayo hupigwa kwa vita au kifo cha sultani tu. Walikuja farasi, ngamia, punda, na wasio na mnyama wakaja kwa miguu wamebeba maji kichwani. Nilipanda punda wa duka. Mbele yangu na nyuma yangu watu walienea katika nchi, kila mmoja akimwona jirani yake, mstari usioonekana mwisho. Nimewaita watu hawa washamba kwa miaka, nikiwauzia chumvi. Leo nimeona aibu nzito.

Mei 17

Hakuna.

Mei 18

Hakuna. Ndege mbili kutoka Fashir zimetafuta pia. Maji yamekuwa taabu.

Mei 20

Hakuna. Omda ametoa amri turudi, maana farasi wanaanguka. Watu hawakumsikiliza. Kaltuma aliyekuwa akitembea mstari wa mbele alisimama, akageuka bila neno, na ndipo wote wakageuka.

Mei 25

Mister Pettifer amekuja kuuliza nani aliwasha mioto. Mimi ndiye mkalimani. Wazee wa vijiji walikaa kwenye mkeka, na kila mmoja, wallahi kila mmoja, alijipiga kifua.

"Mimi niliwasha!" alisema mzee wa Kunjaro.

"Kamoto kako ka kuchomea panzi kale?" akasema wa Abu Raml. "Andika sisi, bwana. Sisi tulichoma mpaka kitanda changu."

Mzee wa Surra alisema, "Wetu ulikuwa mkubwa kuliko yote. Mwambie. Yule marehemu aliuchagua wetu."

Pettifer aliniuliza, "Anasema nini?" Nikatafuta maneno yasiyo na sumu, sikuyapata, nikatafsiri vivyo hivyo. Uso wake ulipauka. Alikuja kutafuta wakosaji, akakuta watu wanaogombania shukurani. Mwisho alisimama akatangaza: kuanzia leo marufuku kuwasha moto mahali pa juu, na atakayewasha atatozwa ng'ombe.

Wazee wakasema ndiyo bwana. Wakatoka. Nje nikamsikia wa Kunjaro akisema, "Ng'ombe ninaye. Mtoto wa mtu akipotea nitawasha tu."

Hawajui. Hakuna aliyewaambia kwa nini. Kaltuma pia hajui, ananiuliza kila siku kwa nini yule Mwingereza wa wilaya kakasirika, na mimi kila siku napata kazi dukani.

Juni 2

Kaltuma hajaghani tangu tuliporudi. Kulikuwa na harusi Abu Raml, wakamtuma mtu na mbuzi kumwita. Amemrudisha mbuzi.

Juni 9

Zygmunt amekuja kwa lori kuchukua injini za ndege zilizovunjika. Amekonda. Nilimvuta kando nikamsihi, "Mke wangu asijue. Anadhani moto uliwasaidia. Akijua, utakuwa umemzika."

Akakubali. Lakini Kaltuma si mtu wa kufichwa. Aliweka asida mbele ya mgeni, akakaa, na kabla mtu hajanawa mikono akasema, "Jallabi, muulize: moto wangu ulimfanya nini mwanangu Tadek? Na utafsiri sawasawa. Uso wako naujua ukisema uongo, hata kwa lugha ya watu."

Nilitafsiri. Zygmunt aliisukuma asida kando. Kisha aliyosema nayaandika kama alivyoyasema, ila nimeyanyoosha:

"Mama, nilikuwa nimepotea. Vumbi lilipotuzunguka nilidhani niko kaskazini kumbe niko kusini, na petroli inakwisha. Moshi mmoja wa mume wako nisingeuona, ningepita nao mbali. Niliona mioto mingi, nikajua chini kuna watu, nikageuka. Bila mioto tungekufa sote sita. Kwa sababu ya mioto wamekufa wawili. Nimejaribu kuijua hesabu hiyo kila siku. Siijui."

Kaltuma alisikiliza hadi mwisho. Akamsogezea chakula, akasema, "Kula, kinapoa." Akatoka. Nilimkuta juu ya jiwe lake, amekaa kwenye majivu.

"Tusipowasha, wanakufa kama Dahab," alisema. "Tukiwasha, wanakufa kama yule wa Surra. Sasa mtu afanye nini? Akae amekunja mikono asikilize?"

Mimi nina maneno mengi kwa wateja, lakini pale nilikaa tu kando yake, kanzu ikajaa majivu.

Juni 10

Zygmunt ameondoka. Ataongoza kundi jingine kabla ya mvua. Njia ile ile, anga lile lile, na vumbi kama la mwaka huu halijapata kuonekana. Nimemwambia Omda Arbab yote, kuanzia redio mpaka mwamba. Alisema, "Nitawaambia wasiwashe. Lakini wewe shemeji unawajua. Wakisikia mtu anazunguka juu amepotea, nani atawashika mikono?"

Juni 13

Kaltuma hajala. Kuna ngurumo mbali, kavu.

Juni 15

Alfajiri ametandika punda. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Surra."

"Kufanya nini?"

"Kuomba kuni."

Nilidhani huzuni imemharibu akili. Nikafunga duka nikamfuata, siku ya soko, na anayenijua anajua maana yake.

Surra walimpokea kwa heshima na maziwa. Aliwaambia waziwazi, mbele ya mwamba wenyewe: moto huu ndio uliomuua mgeni wenu, na wangu huenda ndio uliompoteza mwanangu. Wanawake walipiga yowe. Mzee wa Surra, yule aliyejisifu kwa Pettifer, alivua kilemba akafunika uso. Kaltuma aliwaacha walie, kisha akasimama, na baada ya mwezi mzima wa kimya akaghani. Kimasalit sitakiweza humu, lakini maana ni hii:

*Mwenye kuni azilete, asizifiche uani,*
*Mgeni yu mawinguni, atue wapi haoni;*
*Atakayewasha kwake, kwa kutaka sifa duni,*
*Mkewe ampikie majivu yake mekoni.*

Nilielewa pole pole, kama kawaida yangu. Hakuwakataza moto. Alikuwa akiwaomba wauhamishe: kuni za kila kilima ziletwe uwanjani Umm Sidra, na siku ya vumbi uwake mmoja tu, mkubwa kuliko yote kwa pamoja.

Kijana mmoja akauliza, "Na tukisikia wako juu yetu hapa hapa, wanalia, tusiwashe?"

"Usiwashe," alisema Kaltuma. "Najua ninachokuomba."

Juni 18

Tumefika Kunjaro, Abu Raml, na vijiji viwili vya bondeni. Tako langu halitamsamehe punda huyu.

Juni 21

Kuni zinakuja. Kwa ngamia, kwa vichwa. Mtu kaleta mlango wa nyumba yake. Rundo limenipita urefu, na linaendelea. Mister Pettifer alipita juzi, akalizunguka, akauliza nani ametoa amri. Nikasema hakuna. Akatazama tena. Alivua kofia, sijui kwa jua au kwa nini, na kesho yake akatuma madebe ya oili.

Juni 24

Mawingu. Kama mvua itanyesha kabla yao, uwanja utakuwa tope na kuni zitalowa. Kila mtu anatazama juu, na kwa mara ya kwanza katika nchi hii nimewasikia wakulima wakiomba mvua isubiri.

Juni 27

Alasiri ukuta ule ule, mashariki. Safari hii hakuna aliyekimbilia kilima. Walikuja uwanjani, wazee na wanawake, wakakaa chini kulizunguka rundo, na vumbi likatufunika. Nikasikia ngurumo. Zinazunguka, upande wa Surra.

Nilitia moto. Kuni za vijiji vyote zilishika kwa mkupuo mmoja. Tulirudi nyuma na bado nywele za mkono zikaungua. Moshi ulikuwa kama shina la mti usio na mwisho. Lakini ngurumo zikaenda mbali kidogo, kusini, kusini kule, na kila mtu aliyekuwa pale aliusikia moyo wa mwenzake. Omda Arbab alikalia mikono yake. Kaltuma alisimama ameufumba mdomo kwa shuka, akitazama vilima.

Hakukuwa na moto hata mmoja. Nchi nzima ilikuwa giza, na nilijua kwamba katika kila nyumba kulikuwa na mtu mwenye kiberiti mkononi anayesikia wageni wakipotea juu ya paa lake na hawashi. Nilidhani mwezi uliopita niliona jambo kubwa. Hili la leo lilikuwa kubwa zaidi, na halikuwa na mwanga wala sauti.

Kisha ngurumo zikageuka. Zikakua. Ndege kubwa ikatokeza vumbini, imenyooka kwenye moshi wetu kama uzi kwenye tundu la sindano, ikatua. Hakuna aliyethubutu kushangilia. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikayumba, ikakaa. Ya tano. Tulingoja. Mtu alianza kusoma dua kwa sauti. Ya sita ikashuka mwisho kabisa wa uwanja, panga zikisimama kwa kukosa petroli kabla haijaacha kutembea.

Sauti iliyopanda pale sitaisikia tena duniani. Watu walikumbatiana, wazee walianguka kifudifudi, nami nilimbusu mzee wa Kunjaro ambaye ana deni langu la chumvi tangu mwaka juzi. Zygmunt alikuja mbio, anacheka na kulia, akinionyesha vidole sita.

Nikamtafuta Kaltuma. Alikuwa bado kwenye moto. Alivuta gogo, akalitupa ndani, akarudi kuvuta jingine.

"Kaltuma," nikamwambia, "basi. Wameshuka. Wote wameshuka."

Hakugeuka. "Bado mmoja," alisema.

Zygmunt aliniuliza anasema nini, nikamwambia. Kisha akavua glavu zake, akaenda kwenye kuni zilizobaki, na marubani wake wakamfuata bila kujua ni kwa ajili ya nani. Nilishika gogo upande mmoja, Omda upande wa pili. Tulitia kuni mpaka zikaisha.